Gereji imeharibu mfumo wa chaji wa Land Rover yangu ya 1964 na kuuza dainamo yangu bila idhini

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Gari langu ni Land Rover Series IIA fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ya mwaka 1964, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Si gari la maonyesho. Linabeba miche na chakula cha mifugo kati ya Morogoro na Dar es Salaam. Dainamo yake ya asili, yaani kifaa cha zamani cha kuzalisha umeme wa kuchaji betri, aina ya Lucas C40, ilikuwa nzima, lakini uwezo wake wa juu ni ampea 22 tu, na injini inapozunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta haichaji kitu. Kwenye foleni ya Kimara usiku wakati wa masika, taa zikiwaka na waipa zikifanya kazi, mzigo wote hubebwa na betri. Kwa hiyo nililipeleka kwenye gereji moja ya Dar es Salaam, inayojitangaza kuwa ya mabingwa wa magari ya zamani, ili wanifungie alteneta, kifaa cha kisasa kinachochukua nafasi ya dainamo.

Kabla kazi haijaanza nilimweleza fundi mkuu, na nikahakikisha imeandikwa kwenye karatasi ya kazi, kwamba katika gari hili ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya siku hizi. Akanijibu: "Mzee wangu, ondoa shaka, hizi ndizo kazi zetu."

Walifunga alteneta ya gari dogo la kisasa, ambayo hasi yake ndiyo bodi yenyewe, bila kugeuza betri. Kila anayejua umeme wa magari anajua kinachofuata: dayodi za alteneta, ambazo kazi yake ni kupitisha umeme upande mmoja tu, hufungua njia, na nguvu yote ya betri hupita humo mara moja. Dayodi ziliungua, waya ukatoa moshi, na mimi nikalipishwa alteneta ya pili kwa maelezo kwamba ya kwanza "ilikuja na ubovu." Waya huo mkuu hauna fyuzi tangu kiwandani, na tangi la petroli la gari hili liko chini ya kiti cha dereva. Nikiwaza moshi ule ungeanzia barabarani, mjukuu wangu akiwa amekaa pembeni yangu, nashindwa kabisa kumwita mtu huyo fundi.

Baada ya hapo waligeuza betri, na wakaishia hapo. Waya mbili za koili, inayotengeneza umeme wa cheche, hazikubadilishwa nafasi, hivyo umeme unafika kwenye plagi kwa mwelekeo usiofaa na cheche zinadhoofika, jambo ninalolisikia waziwazi gari likipanda mlima na mzigo. Ameta, ile saa ya dashibodi inayoonyesha umeme unaoingia au kutoka kwenye betri, nayo iliachwa ilivyo: betri ikipokea chaji, mshale unaonyesha kwamba inapoteza.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kuiacha katauti, kile kisanduku cha zamani cha kudhibiti chaji, ndani ya njia ya chaji. Katauti ile iliwekwa kuidhibiti dainamo; alteneta ina regyuleta (kidhibiti cha volti) yake ndani na haiihitaji hata kidogo. Ilipaswa kuondolewa kwenye mzunguko, na waya mpya mnene kuvutwa kutoka kwenye alteneta hadi kwenye betri, wenye fyuzi yake, kwa sababu waya wa zamani ulipimwa kwa ampea 22 na ameta yenyewe inaishia 30, ilhali alteneta waliyofunga inatoa zaidi ya 40. Nilipopima kwa mita injini ikiwa imekanyagwa, kwenye alteneta nilipata volti 14.3, kwenye betri 12.2. Nilifungua kifuniko cha katauti nikakuta pointi zimeungua na kuwa nyeusi. Yaani nimelipia alteneta mbili, na betri yangu inapata chaji kidogo kuliko ilivyokuwa ikipata kwa dainamo ya miaka sitini iliyopita.

Puli pia haikukaa sawa na nyingine, kwa hiyo mkanda unalia na umekwisha kuliwa upande mmoja. Kwenye injini hii mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji na feni. Ukikatika, injini inachemka.

Niliporudi kudai, nikaomba kwanza nirudishiwe dainamo yangu. Nikaambiwa imeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa ruhusa ya nani? Kifaa kilichotolewa kwenye gari ni mali ya mwenye gari, na C40 nzima haipatikani hovyo madukani. Kuhusu fedha, naambiwa kwamba "gari ni kuukuu, lina matatizo mengi." Gari liliingia kwao likiwa zima.

Ninachodai ni dainamo yangu au thamani yake, fedha za alteneta waliyoiunguza wenyewe, na gharama ya fundi mwingine kurekebisha waya. Karatasi ya kazi, risiti na picha za katauti ninazo, na nimekwisha waandikia barua.

Kwenu naomba mambo mawili. Aliyewahi kudai fidia ya aina hii anieleze alianzia ofisi ipi. Na mwenye C40 inayozunguka, yenye brashi nzuri na kibano chake, aniambie bei. Nipo tayari kuifuata hata Tanga.