Wenye nyumba, toeni majenereta kwenye korido kabla hamjatuzika

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nimepanga Tabata, nyumba ya vyumba 8, korido katikati. Umeme ukikatika, baba mwenye nyumba anawasha jenereta la petroli mwisho wa korido, mlango wa nyuma umepigwa kufuli. Ukimuuliza anasema likikaa nje vibaka watalibeba. Wiki iliyopita liliunguruma tangu saa 3 usiku. Saa 7 mke wangu akaniamsha, kichwa kinamgonga. Mtoto wetu wa miaka 4 ametapika kitandani, namwinua shingo inalegea kama ya kichanga. Nilimbeba mbio hadi barabarani, kisha hospitali. Daktari aliposikia neno jenereta aliuliza swali moja tu: "Lilikuwa ndani?" Akamwekea oksijeni.

Jamani, nani hajasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani wakakutwa wamekufa? Ile ni kaboni monoksaidi, na ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye ekzosi ya jenereta. Haina harufu wala rangi. Inanata kwenye damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, ndiyo maana aliyelala haamki. Na msiniambie habari ya kufungua dirisha, haitoshi. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka milangoni na madirishani, ekzosi igeuzwe kusiko na watu. Unaogopa wezi? Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kizimba cha nondo, ulifunge na mnyororo humo humo.

Asubuhi yake nikaenda kuliangalia lile dude. Limeunganishwa na waya wenye plagi dume pande zote mbili, umechomekwa kwenye soketi ya ukutani! Upande mmoja ukichomoka, zile pini ziko wazi na zina moto wa volti 230, na watoto wanacheza pale pale. Tena meinswichi isipozimwa, umeme unarudi hadi kwenye transfoma, inaupandisha kuwa maelfu ya volti, na juu ya nguzo kuna fundi wa TANESCO. Kuna swichi ya chenjiova kwa kazi hiyo, ama umeme wa gridi ama wa jenereta, haviingiliani. Fundi aliyefunga ule waya anajua, kaamua tu.

Na kwa hatari hiyo tunalipa! Kila chumba 5,000 kwa usiku, yaani 40,000. Linakunywa kama lita 1 kwa saa, saa 6 ni lita 6, petroli haifiki kabisa hiyo 40,000. Taa za LED wati 9, feni wati 60, TV ndogo, kuna haja gani ya kuliungurumisha hadi alfajiri? Friji usipolifungua linatunza ubaridi kwa muda wa kama saa 4. Liwashwe kwa muda wa saa 2 tu jioni, simu zichajiwe, friji lipoe, lizimwe watu walale.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kaniambia tukae tuyamalize kifamilia. Nimemwambia mzee mwenyewe, kajibu asiyetaka ahame. Kodi nimelipa miezi 6, miwili tu imepita.

Kuna mpangaji yeyote hapa aliyefanikiwa kumlazimisha mwenye nyumba alitoe nje? Ulianzia ofisi gani? Umeme umekatika tena saa hizi, tumekaa barazani na mtoto, na nasikia mzee anavuta kamba ya kuwashia jenereta.