Regensburg na mama, siku moja na kulala: tuone nini, tuache nini?

BintiPangani:
Habari zenu wakuu. Mwisho wa Septemba nitakuwa München, Ujerumani, kwa kaka yangu, na mama nitakuwa naye. Siku za wiki kaka yuko kazini, hivyo nataka kumtoa mama tukalale Regensburg usiku mmoja, turudi kesho yake. Nimeuchagua kwa sababu uko kando ya mto Donau na nasikia mji wa kale bado umesimama. Mama ni mwalimu mstaafu wa historia, hiyo ndiyo starehe yake. Anatembea vizuri, ila ngazi zinamsumbua magoti. Hatuli nguruwe wala hatugusi pombe. Naombeni ushauri wa usafiri nafuu na vitu vya kutokosa. Kuna mtu kasisitiza twende Nürnberg badala yake, mnasemaje?

MzeeWaReli:
Dada, ulizia Bayern-Ticket. Ni tiketi ya siku nzima ndani ya jimbo la Bavaria, mnasafiri nayo hadi watu watano, na mabasi ya mjini Regensburg yamo humo humo. Siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi. Majina yenu lazima yaandikwe juu yake, na mnapanda treni za mkoa tu. ICE, ile treni ya mwendo kasi, msiiguse, faini yake inauma. Njia ni kama saa moja na nusu. Kwa kuwa mnalala, mtanunua ya kwenda na nyingine ya kurudi.
Jambo moja zaidi: mwisho wa Septemba ni Oktoberfest, tamasha la bia. Jioni kituo kikuu cha München hujaa walevi. Siku ya kurudi mwambie kaka awapokee, au mfike kabla ya magharibi. Na chumba cha Regensburg kiwekee nafasi mapema, maana wengine hukimbilia kulala huko.

Kisiki:
Nürnberg ni mji mzuri, lakini mji wake wa kale ulisagwa na mabomu Januari 1945, na mengi unayoyaona leo yamejengwa upya. Regensburg kilichopigwa Agosti 1943 ni kiwanda cha ndege cha Messerschmitt. Mji wa kale wenyewe ulisalimika kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kwa mwalimu wa historia sioni cha kujadili.
Anzeni na Porta Praetoria, upande wa kaskazini wa kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Ni lango la ngome ya Warumi iliyokamilika mwaka 179, enzi za Kaizari Marcus Aurelius. Halina kiingilio, liko barabarani tu: mawe makubwa ya kijivu yamebanwa ndani ya ukuta wa nyumba iliyojengwa baadaye. Kwa karne nyingi lilikuwa limemezwa na majengo, likaonekana tena 1885. Mwache mama asimame hapo hadi atosheke.
Kisha Ukumbi wa Bunge kwenye jumba la zamani la mji. Bunge la Dola Takatifu la Kirumi (dola la zamani la Wajerumani, si wale Warumi wa lango) lilifungua kikao hapo 1663, na kikao hicho hakikufungwa hadi dola lenyewe lilipokufa 1806. Kila mtu alikaa kwa cheo chake, kiti cha Kaizari kikiwa juu ya vyote. Chini kuna chumba walichokuwa wakiwatesa watuhumiwa, na vifaa vyake vipo. Huingii bila mwongozaji, na ziara za Kiingereza ni chache, kwa hiyo mkifika tu nendeni ofisi ya watalii, ipo hapo hapo, mpate nafasi. Ngazi zipo, mama azipande polepole.

MamaTwaha:
Mwanangu, kando ya Daraja la Mawe kuna kibanda cha Wurstkuchl, moshi wa mkaa unakuvuta tangu mbali. Soseji zake ni nguruwe, piteni. Maduka ya kebabu yapo, ila ulizeni kama nyama ni halali, si yote. Hata ile mikate ya kusokotwa, Brezn, wapo wanaotia mafuta ya nguruwe kwenye unga. Neno la kuuliza ni Schmalz. Na chupa za plastiki msitupe, mkizirudisha dukani mnapata senti 25 kila moja.

DonauKijana:
Naheshimu mzee Kisiki, lakini mama asishinde ndani ya kuta siku nzima. Mto ndio uliojenga mji huo. Lile daraja lilijengwa kati ya 1135 na 1146, lina zaidi ya mita 300, magari yamezuiwa, mnatembea katikati kwa raha. Simameni mtazame chini: nguzo zimebana mto hadi maji yanazunguka na kuchemka. Kuna boti inayowapitisha hapo, chini ya saa moja tu. Au mwende Walhalla, hekalu la marumaru alilojenga Mfalme Ludwig I, likafunguliwa 1842.

Kisiki:
Walhalla kutoka mtoni ni ngazi 358, DonauKijana. Umesoma habari ya magoti?

DonauKijana:
Nimesoma. Maegesho yako nyuma ya jengo, juu kabisa. Teksi inawafikisha pale, zinabaki hatua chache. Ndani kuna sanamu za vichwa vya watu mashuhuri, Einstein na Sophie Scholl, msichana aliyewapinga Wanazi, wamo.

BintiPangani:
Asanteni sana. Siku ya kwanza tutafanya lango, ukumbi na daraja. Ya pili nimegawanyika: Walhalla au boti ile fupi?

Kisiki:
Boti ile fupi, hapo namuunga mkono kijana. Asubuhi hiyo piteni Neupfarrplatz. Wayahudi wa mji walifukuzwa 1519 na sinagogi lao likabomolewa. Msanii Dani Karavan ameichora ramani yake chini kwa zege jeupe, watu hukaa juu yake wakizungumza. Mama atapata pa kupumzika, na atakuwa na maswali mengi.

MzeeWaReli:
Mizigo iacheni kwenye makabati ya kituoni. Kutoka hapo hadi mji wa kale ni dakika kama kumi na tano kwa miguu, tambarare, ila ndani barabara ni za mawe, mama avae viatu vya soli laini.