Tupeane uzoefu: likizo ya Juni na deni la picha

Mtoto wa Uyole

Wakuu, habari za baridi. Leo nimemkuta kijana wangu wa kidato cha tatu, yuko likizo, amejifunika blanketi gubigubi na simu ndani. Sizoni ya pili ya Kikorea tangu Ijumaa. Nilitaka kufoka, nikakumbuka yangu.

Nimesoma bweni Iringa. Muhula mzima runinga unaisikia kwa jirani tu. Ukirudi Juni, wenzako wanaosoma kutwa wameshaona kila kitu, wanatajiana mapigo ya steringi, wewe unacheka usichokijua. Hilo ndilo deni. Kasheshe ni kwamba Juni huku kwetu mahindi yanavunwa. Bi mkubwa akaweka masharti: debe nne za kupukuchua mchana, deki inawashwa usiku. Vidole gumba vikachubuka hadi rimoti nikawa naibonyeza kwa kifundo cha kidole. Saa nne mzee anazima, uniti za kuchezea hana.

Ila ilibidi. Julai kule bwenini, mwenye picha za kusimulia halali njaa. Anapewa sukari, anachotewa maji ya kuoga, taa zikizimwa watu wanasogea kitandani kwake. Kuna picha moja umeme ulikatika zikiwa zimebaki kama dakika ishirini, na haukurudi mpaka nasafiri. Nikaimalizia mwenyewe: nikavunja daraja, adui akaenda na maji. Walishangilia hadi mwalimu wa zamu akaja.

Haya, leteni zenu.

Mabanzi

Mafinga hapa. Banda letu lilijengwa kwa mabanzi matupu, na ukijua Mafinga mwezi wa sita unajua upepo unavyopenya. Kiingilio mia. Tulikaa tumebanana kwenye magogo, na aliyewahi hakai mbele, anakaa karibu na jenereta, kuna joto.

Picha zenyewe zilikuwa za Lufufu, yule mtafsiri anayeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya picha. Mtu anapigwa, Lufufu anakwambia kwa nini amestahili. Nilipofika chuo nikaiona mojawapo haijatafsiriwa. Jamani, ilikuwa imepooza! Wanatazamana tu dakika tano nzima.

Mwana Kyela

Nyie na baridi yenu. Sisi tuliangalia vifua wazi tukipigana na mbu.

Nyanya Mbivu

Kamwene wakuu. Mimi deni langu nililipia kwenye basi.

Nilikuwa nasoma Morogoro, kwetu Ilula. Likizo ya Desemba nimekaa kiti cha tatu kutoka mbele, runinga iko juu ya dereva. Konda akaweka picha tulipoiacha Mikumi. Ruaha Mbuyuni watu wananunua vitunguu dirishani, mimi sigeuki. Kitonga tunapanda nyuma ya malori, mwendo wa konokono, nikamshukuru Mungu kwa foleni ile. Kumbe haikutosha. Steringi ndiyo kwanza amefungwa kwenye kiti, mafuta yanamwagwa, konda anaita: “Ilula! Wa Ilula sogeeni mlangoni!”

Nikanyamaza. Akaita tena. Kwa dirishani namuona mjomba amesimama na baiskeli kunipokea, basi likampita. Konda akanijia, “Dogo, wewe si wa Ilula?” Nikamwambia naenda Iringa kwa shangazi. Akasema basi ongeza nauli. Nikatoa hela niliyopewa na dada nimpelekee mama.

Ipogolo steringi alikuwa ameshajifungua kamba. Nikapanda Hiace kurudi, nikafika giza. Mjomba alikuwa bado pale pale. Hakunipiga. Aliniuliza tu, “Iliishaje?” Nikamsimulia njia nzima hadi nyumbani, sanduku liko kwenye keria. Kuhusu hela ya mama msiniulize.

Bint Mwalimu

Wengine baba zetu walimu. Likizo ni hesabu asubuhi, hesabu jioni. Napita tu.

Dada wa Tukuyu

Yangu siyo ya kuchekesha sana. Aprili 2012 nilikuwa nyumbani mapumziko ya Pasaka, nimepanga kumaliza Bongo Movie zote nilizokosa. Jumamosi ile ya tarehe 7 tukaamka na habari kwamba Kanumba amefariki usiku. Mwenye laibrari karibu na stendi akafunga turubai nje, akatoa runinga, akaweka picha za Kanumba moja baada ya nyingine. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Watu walisimama chini ya turubai, wengine na miavuli, hakuna aliyetozwa.

Bibi yangu alikuwa anatoka sokoni, Kiswahili anakisikia nusunusu. Akasimama, akatazama weee, akaniuliza kwa Kinyakyusa: si huyu mnasema amekufa? Mbona anacheka? Nilikosa la kumjibu. Akatua kapu lake la ndizi, akaangalia na yeye.

Mabanzi

Dada umenikumbusha mbali. Hata huku mabanda yote yalikuwa Kanumba wiki nzima.

Fundi Redio

Mleta uzi, ngoja kwanza. Hiyo ya daraja, adui alikuwa na jino la dhahabu? Maana mimi nimesoma bweni Iringa pia, nikasimuliwa hiyo picha vitanda viwili kutoka kwangu. Likizo nikainunua Mwanjelwa, daraja halimo. Nikairudisha, nikamwambia jamaa amenipa iliyokatwa. Akanibadilishia, halimo. Mara ya tatu alinifukuza.

Mtoto wa Uyole

Mkuu, njoo inboksi.