Mafundi 45, leseni 20: watumiaji wa helpdeski wanahesabiwaje?

Fundi_Ilala (mleta uzi): Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia helpdeski, yaani dawati la msaada wa kompyuta, ya kampuni moja hapa Dar. Mafundi 45, shifti mchana na usiku, leseni 20 za programu tunayotumia. Wafanyakazi wanaofungua tiketi, yaani maombi ya msaada, ni kama 3,000. Muuzaji anataka idadi ya watumiaji kabla ya mkataba mpya. Nihesabu akaunti, au walio ndani ya mfumo kwa wakati mmoja? Usingizi hauji.

KipangaWaSeva: Inategemea leseni, mkuu. Programu kama Jira Service Management hailipishi anayeomba msaada, inalipisha ajenti anayemhudumia. Remedy ya BMC ina leseni ya mtu maalumu na ile ya kuelea: ukiingia unachukua moja, ukitoka au ukikaa kimya muda uliowekwa, inaachiwa. Zikiisha, anayefuata anasoma tu, hawezi kuandika. Yako ipi?

Mama_Ukerewe: Achaneni na leseni za dola. GLPI ilizaliwa Ufaransa mwaka 2003, ni programu huria, unaisimika kwenye seva yako bila kulipia kila fundi. Sisi Mwanza tulihamia huko. Kilichotutoa jasho ni tiketi za zamani, bosi alizitaka zote, hata za printa tulizokwisha kuzitupa.

Fundi_Ilala: GLPI bosi hataki kuisikia.

KipangaWaSeva: Hujajibu. Leseni ipi? Na watu 45 wanaingiaje kwa 20?

Fundi_Ilala: Ya jina, hiyo ya mtu maalumu. Lakini shifti haizidi watu 15, kwa hiyo akaunti zinapokezanwa, zamu01 hadi zamu20. Hatujawahi kuzidi 20 kwa pamoja, tumemdhulumu nani? Jedwali la watumiaji 20 liko tayari, bado kutuma tu.

Ustaadh_Temeke: Ndugu yangu, mkataba ni ahadi. Usitie saini uongo kwa ajili ya kumfurahisha bosi.

Chizi_Maarifa: zamu07 akifuta tiketi ya mkurugenzi mtamwita nani ofisini? 😂

Mpima_Chai: Hii chai. Shifti mbili za watu 15 ni 30, hao wengine 15 wako wapi? Na akaunti umefungua jana. Wewe ndiye muuzaji, unatupima.

Fundi_Ilala: Wengine wako mapumziko na likizo, tunafanya kazi wiki nzima! Akaunti mpya kwa sababu wenzangu wanaijua ile ya zamani.

Pwani_Admin: Mimi namwamini. Huku Mombasa nimeyaona hayohayo.

KipangaWaSeva: Chai au si chai, leseni ya jina ni ya mtu mmoja, hairithiwi shifti ikibadilika. Mkaguzi akiona zamu07 inafanya kazi usiku na mchana bila kulala, jedwali lako limekwisha. Toa logi za kuingia, yaani kumbukumbu za nani kaingia saa ngapi, tafuta saa iliyojaa kuliko zote, usisahau mwisho wa mwezi. Kwa takwimu hizo omba leseni za kuelea. Moja huwa ghali kuliko ya jina, lakini utahitaji chache kuliko 45.

Fundi_Ilala: Logi zinajifuta kila mwezi.

KipangaWaSeva: Zima huo ufutaji leo. Zilizobaki zinakili kabla ya kumwona bosi, na mwambie wazi kwamba mko 45.