Kamera Nzima, Nimeitikisa Mwenyewe

Kikundi: Watoto wa Bibi

IJUMAA

Rahma, 18:41
[picha]
Minazi ya nyuma ya nyumba ya Bibi, Jambiani, jioni hii

Ami, 18:44
Rahma mwanangu hiyo kamera imeshaharibika. Si nilikwambia ya mkono wa pili uitizame vizuri kabla hujatoa pesa?

Rahma, 18:45
Shikamoo Ami. Kamera nzima. Nimeitikisa mwenyewe, kwa makusudi

Ami, 18:45
Marahaba. Makusudi ya nini?

Shangazi, 18:47
Mie nimeipenda. Mashina yamekuwa kama mvua inayonyesha kwenda juu. Ila makuti siyaoni

Rahma, 18:52
Makuti ni ule ukijani uliopauka pale juu, Shangazi.
Ami, picha ya kawaida shata, kile kipazia cha ndani kinachopitisha mwanga, inafunguka na kufunga kwa 1/250 ya sekunde, kitu hakiwahi kusogea. Hapa nimeiacha wazi nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde hiyo nikaipandisha kamera kutoka chini ya shina kwenda juu. Kila kilichopita mbele ya lenzi kimeacha njia yake, kama burashi ya chokaa ukutani. Mnazi umesimama wima, ndiyo maana mkono nao umekwenda wima na shina limebaki shina. Ningekwenda ubavu ungeona uji tu

Ami, 18:55
Na mtu akikuuliza picha ya nini hiyo, utamjibu nini?

Rahma, 19:01
Ya minazi. Na ya upepo.
Si jambo nililolianzisha mie Ami. Ernst Haas, mzaliwa wa Vienna, alipiga michezo ya ng'ombe Hispania kwa shata ya polepole, rangi zikachuruzika, na jarida la Life likazitoa mwaka 1957. Mwaka 1962 jumba la sanaa la MoMA kule New York likamwekea maonyesho ya picha zake za rangi.
Mie pwani hii nishaipiga picha safi mamia. Ukiziweka pamoja na za wageni huwezi kuijua ipi yangu. Hii ndiyo ya kwanza niliyoitizama nikakumbuka nilivyosimama pale

Sule, 19:03
Dada nami nataka. Ile kamera aliyoniachia Baba inaweza?

Rahma, 19:08
Inaweza sana. Kile kidude cha kuzungusha juu kiweke S, kama ni Canon kimeandikwa Tv. Hapo wewe unachagua kasi ya shata, na tundu la lenzi linalopitisha mwanga kamera inalichagua yenyewe. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iweke 100. Kasi anzia 1/4. Halafu ubavuni mwa lenzi kuna kiswichi cha kuzuia mtikisiko, kizime, kisije kikapigana na mkono wako

JUMAMOSI

Sule, 13:10
[picha]
Dada mbona nyeupe tupu

Rahma, 13:22
Umepiga saa saba mchana juani, mdogo wangu. Jua hilo kwa ISO 100 na tundu la mwisho kwa udogo, f/22, linataka kama 1/60. Wewe umeipa 1/4, mwanga mara 16 ya unaotakiwa. Namba ya tundu ilikuwa inawakawaka, si ndiyo? Ilikuwa inakwambia imeshindwa

Sule, 13:23
Kweli ilikuwa inawaka. Nilidhani betri

Rahma, 13:27
Mchana unataka filta nyeusi mbele ya lenzi. ND8 inakata mwanga mara 8, hiyo 1/60 inakuwa 1/8. ND64 inakufikisha sekunde nzima. Huna filta, subiri jua lizame

Shangazi, 14:05
[picha]
Haya nitizamieni na mie. Simu yangu ina sehemu ya Pro, nikashusha kasi, na miwani yangu ya jua nimeishika mbele ya lenzi. Nimeichezesha simu na upepo unavyokwenda

Rahma, 14:09
SHANGAZI!! Hizi ni kanga zilizoanikwa?

Shangazi, 14:09
Ndiyo, doti tatu za Bibi

Rahma, 14:13
Tizameni pindo jekundu lilivyokuwa mstari mmoja mrefu, kisha chini yake ule weusi umekatikakatika kama hatua za kuku mchangani. Hayo ndiyo maandishi ya jina la kanga. Na ukingo wa miwani pale kona ya kushoto uacheni, msiukate

Shangazi, 14:20
Nimemwonyesha Bibi. Anauliza jina la kanga yake limekwenda wapi 😄 Kisha nikamwonyesha ile ya minazi ya jana. Kanyamaza. Anasema ndivyo inavyokuwa kusi likivuma unatoka kwenye mwani na maji ya chumvi machoni

Rahma, 14:21
Mwambie Bibi namshukuru. Nimeisoma mara tatu hiyo

Sule, 18:49
[picha]
[picha]
Niko Forodhani, watoto wanajirusha baharini. Sasa haiwi nyeupe lakini haijakaa. Yako laini yangu imekwaruza

Rahma, 18:58
Ikuze ile ya pili. Tizama taa za mashua nyuma. Kila taa ina kitone kizito upande mmoja, halafu ndiyo mstari unaanza. Umeona? Kitone ni muda ambao kamera ilikuwa imetulia. Maana yake umebonyeza kwanza, ndiyo ukasogeza. Anza kusogeza KABLA ya kubonyeza, na ukishabonyeza usisimame. Mtu anayetupa kimia mkono wake hausimami kimia kinapotoka

Rahma, 18:59
Na kwa hao watoto, panda hadi 1/15. Mshike mmoja machoni tangu anakimbia ukutani, shuka naye mpaka majini. Yeye atabaki mtu, ukuta na taa ndivyo vitakuwa mistari

Sule, 19:31
[picha]
Nimepiga 84. Hii moja

Rahma, 19:33
Magoti yamekunjwa yanaonekana, na kichwa kimeyeyuka. Sule hii iweke. Mie katika 70 nabaki na mbili, usihuzunike na hizo nyingine

Ami, 19:40
Huyo mtoto anaonekana anaanguka kweli. Kwenye picha za kawaida wanakuwa wametundikwa hewani

Rahma, 19:41
Ndilo nililokuwa nikilitafutia maneno tangu jana Ami

Ami, 19:46
Ile ya minazi bado sijaielewa, sikufichi. Lakini kesho bamvua. Maji yatakuwa yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi, kina mama wa mwani watakuwa mbali huko kwenye vigingi vyao. Kama unataka mistari, kule kuna kamba ufukwe mzima

Rahma, 19:50
Saa nne jua kali, nitafunga ND64. Mstari wa maji na kamba zinakwenda ubavu, mkono nao ubavu, polepole kama sekunde moja. Sule panda daladala mapema, filta tutapokezana. Kama kioo cha lenzi yako ni kidogo utaishika kwa mkono tu

Shangazi, 19:52
Waombeni ruhusa kwanza. Msiseme sura hazitaonekana. Mtu yupo kazini kwake

Rahma, 19:53
Nitaomba Shangazi. Na nikitoka nitawaonyesha zote kwenye kioo cha nyuma, asiyeitaka yake naifuta palepale

Sule, 19:54
Nivae viatu gani?

Ami, 19:55
Vya mpira. Kuna mashokoro, yale ya miba