Naomba ushauri: almasi ya maabara, HPHT (ya shinikizo kubwa na joto kali) au CVD (ya kukuzwa kwa gesi)?

Wakuu, nachagua kati ya almasi mbili, zote karati 1.2, rangi F (yaani haina rangi), usafi VS1 (dosari ndogo sana), mkato bora. Ya kwanza ni HPHT: kaboni iliyeyushwa ndani ya chuma na nikeli kwenye nyuzi 1,400 hivi, shinikizo la angahewa zaidi ya 50,000. Hofu yangu ni chembe za metali kunaswa ndani, na ule ubluu unaoletwa na boroni. Ya pili ni CVD, iliyokua tabaka kwa tabaka kutokana na methani na haidrojeni. Cheti kinasema ilitibiwa baadaye, bila shaka kuondoa ukahawia. Lakini kwenye video ya juani ina ukungu katikati, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na cheti hakiutaji. Je, ukungu huo utaonekana pete ikivaliwa?