Google Voice, YouMail au huduma ya mtandao wa simu: mlio Marekani mnatumia ipi?

MamaSuka614: Habari wadau. Nipo Columbus, Ohio, nasuka nywele nyumbani. Shida yangu ni simu, mikono ikiwa kichwani kwa mtu na imejaa jeli siwezi kupokea, mteja anaacha meseji ya sauti nakuja kuisikiliza saa nne usiku kumbe keshapata msusi mwingine. Na namba ni hiyohiyo ya shule ya watoto na benki, nimechoka. Ipi nafuu?

bonge_la_dereva: Google Voice dada, usijiulize mara mbili. Unapewa namba mpya ya Marekani bure, inalia kwenye simu hiyohiyo uliyonayo na kwenye kompyuta, na meseji ya sauti inageuzwa maandishi, we unatupia jicho tu kwenye skrini unajua huyu anataka nini huku unaendelea kusuka. Kupiga Marekani na Kanada hulipi. Kupiga Bongo ndo wanakata kwa dakika, huko endelea na WhatsApp.

Shangazi_Mpls: Bure ndio ila masharti yapo mpendwa. Kuifungua lazima uwe na namba nyingine ya Marekani. Ukiitelekeza miezi mitatu wanaichukua. Benki usiwape hiyo, nyingi hazitumi namba za siri kwenye namba za intaneti. Na ile akaunti ya bure haipigi 911 ya dharura kabisa, kwa hiyo laini yako ya kawaida usiiue.

kamau_htx: Mimi niko YouMail. Ile ya bure haikupi namba mpya, inakaa tu mahali pa huduma ya meseji za sauti ya mtandao wako, simu usiposhika inaelekezwa kwao. Raha yake ni wale wasumbufu wanaopiga kuuza waranti ya gari, inawachezea ule mlio wa namba haipo lol. Lakini siku ukiitoa usifute tu programu, zima kwanza kuelekeza simu, T-Mobile unapiga ##004#, Verizon ni *73, la sivyo simu zako zitaendelea kwenda huko na wewe hujui.

bonge_la_dereva: Sasa si yeye anataka kutenganisha biashara na nyumbani? YouMail ya bure hapo inamsaidia nini kaka

kamau_htx: Kwa hilo haimsaidii, nakubali. Nimejibu upande wa meseji.

MamaSuka614: Hayo maandishi vipi kwa Kiswahili? Wateja wangu wengi ni Wakongo na Wabanyamulenge.

Shangazi_Mpls: Hapo sahau, Kiswahili haimo. Utasoma vituko vya Kiingereza. Fanya hivi, kwenye salamu yako rekodi kwa lugha zote mbili, "nimeshika kazi, nitumie meseji ya maandishi: jina, mtindo, siku". Watu wataandika wenyewe, utasoma hata kwa lugha yao. Hii inafanya kazi kuliko programu yoyote.

mwana_dallas: Angalizo kabla hujatangaza namba kwenye Facebook. Atakuja mtu anajifanya mteja, anasema "nahakikisha wewe sio tapeli, nisomee tarakimu sita nilizokutumia". USIMPE. Anafungua Google Voice kwa namba yako kisha anaitumia kutapeli wengine. Hata FTC, wale wa serikali wanaolinda wateja, walishatoa onyo kuhusu huo mchezo.

MamaSuka614: Khaa! Asante. La mwisho, wateja wa zamani wote wana namba yangu hii. Siwezi kuihamishia huko Google?

bonge_la_dereva: Inawezekana, dola 20 unalipa mara moja. Ila ukiihamisha laini yako ya sasa inakatwa, na ndo hiyo iliyoko shuleni na benki.

Shangazi_Mpls: Usihamishe. Chukua mpya, wa zamani watumie meseji moja tu ya kuwaambia namba imebadilika, na kila akija kusukwa mwambie aisevu palepale kwenye kiti kabla hujamshika kichwa.

MamaSuka614: Sawa shangazi, naifungua leo watoto wakilala.

kamau_htx: Sasa bei ya kusuka knotless ni ngapi, wife yuko Columbus mwezi ujao 😂